Printa Moja, Njia Mbili

Kwihara ni kijiji kilichoko kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Wengi hukijua kwa sababu ya tembe ambamo Henry Morton Stanley na David Livingstone walikaa pamoja mwaka 1872, na ambalo leo, baada ya kujengwa upya, ni nyumba ya makumbusho. Wenye kusoma vitabu vya wasafiri wa zama zile hukutana na fumbo dogo. Richard Burton na John Speke, waliofika katika uwanda huo mwezi Novemba 1857, walikiita kituo kikuu cha misafara Kazeh. Stanley, aliyefika mwezi Juni 1871, aliandika Tabora. Mtu aliyeketi London na vitabu vyote viwili mezani aliweza kudhani kuwa ipo miji miwili, akaagiza mzigo wake upelekwe mmoja na barua zake mwingine.

Fumbo la namna hiyo lingalipo hata leo, nalo limehamia katika kompyuta za ofisi zetu. Madhumuni ya makala haya ni kulieleza na kuonyesha jinsi linavyofumbuliwa.

Katika likizo iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu, mkazi wa Kwihara, kwenda katika ofisi moja mjini kuchukua hati ya mafao ya marehemu mumewe. Karani, kijana mwenye adabu, aliifungua hati hiyo katika kompyuta, akaamuru ichapishwe. Orodha ya printa iliyomtokea ilikuwa na majina manne yaliyokaribia kufanana. Akachagua la kwanza, kimya. Akachagua la pili, kimya. Akachagua la tatu, na printa iliyokuwa kando yake ikatoa karatasi. Tulikwisha kushukuru na kusimama, mara printa ile ile ikatoa karatasi nyingine.

Shangazi akaitazama, kisha akauliza, “Mwanangu, amri umetoa mara tatu. Karatasi ni mbili. Ya tatu iko wapi?”

Karani alitoka mbio. Aliikuta katika chumba cha mwisho cha ukumbi, juu ya printa ambayo kila apitaye huweza kuifikia, nayo ilikuwa na jina la shangazi, namba ya akaunti yake ya benki na kiasi cha fedha alichostahili kulipwa. Safari hii hakuna aliyeichukua. Lakini hatuna budi kujiuliza ni hati ngapi za namna hiyo zisizofuatiliwa, kwa kuwa mwenyewe hakuhesabu amri alizozisikia zikitolewa.

Kompyuta iliyo mbali

Ili kuelewa kisa hicho, yafaa kwanza tufahamu kwamba karani hakuwa akifanya kazi ndani ya kompyuta iliyo mezani pake. Aghalabu ofisi za mikoani hutumia programu zilizowekwa katika kompyuta kubwa, yaani seva, iliyoko mji mwingine. Tangu nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilipofika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipotandazwa hadi mikoani, utaratibu huo umekuwa rahisi. Kompyuta ya mezani hupeleka mapigo ya vidole na miondoko ya kipanya. Seva hurudisha picha ya kioo. Kipindi hicho cha mawasiliano baina ya mtumiaji na seva ndicho tutakachokiita kikao.

Hapa huzuka tatizo. Programu inafanya kazi katika seva iliyo mamia ya kilomita kutoka Tabora, lakini karatasi inatakiwa Tabora. Seva haiijui printa iliyo kando ya karani. Katika mfumo wa Windows, dawa ya jambo hili ilipatikana katika toleo la mwaka 2000: kikao kinapofunguliwa, kompyuta ya mezani huitangazia seva printa zote ilizo nazo, na seva huziundia majina ya muda ndani ya kikao. Kwa kawaida jina la namna hiyo huishia na neno la Kiingereza redirected, maana yake iliyoelekezwa, pamoja na namba ya kikao. Toleo la mwaka 2008 liliongeza utaratibu ambao seva hutuma waraka katika umbo moja la jumla, na kompyuta ya mezani hulifasiri kwa lugha ya printa yake. Kwa hiyo seva haihitaji tena kuwa na kiendeshi cha kila printa ya kila mkoa.

Pacha huzaliwaje?

Chanzo kilicho mashuhuri kuliko vyote ni njia mbili kwenda kwenye mashine moja. Tuchukue printa ya ukumbini inayotumiwa na watu wengi kwa njia ya mtandao. Kompyuta ya karani imeunganishwa nayo, hivyo kikao kikifunguliwa inatangazwa kwa seva. Wakati huo huo, mtaalamu wa mitambo ameiagiza seva yenyewe iiunganishe printa hiyo kwa kila mtumiaji anayeingia. Kila upande umefanya wajibu wake bila kujua kwamba mwenzake ameufanya pia. Printa ni moja. Katika orodha zimekuwa mbili.

Chanzo cha pili kimo katika kompyuta ya mezani. Waya wa printa ukichomolewa tundu moja na kuchomekwa jingine, Windows huweza kuiona kuwa ni printa mpya, ikaiandika kama nakala ya kwanza ya ile ya zamani. Kikao hakitofautishi printa hai na kivuli chake, huzitangaza zote.

Chanzo cha tatu ni vikao visivyofungwa ipasavyo. Mtumiaji anayebonyeza alama ya msalaba pembeni mwa dirisha hajatoka. Amekata mawasiliano tu, na kikao chake kinaweza kubaki hai ndani ya seva. Kwa kawaida majina ya printa zake huondolewa mawasiliano yakikatika, ila huduma ya uchapishaji ikikwama huweza kubaki pale pale, na akirudi huundiwa mengine.

Hapana budi kuongeza tahadhari moja. Kwa kawaida mtumiaji huona printa za kikao chake peke yake, lakini mwenye mamlaka ya usimamizi huona za watu wote. Msimamizi anayeshangaa kuona printa arobaini katika orodha yake pengine hana tatizo lolote la kutatua.

Mzigo unaorudi pwani

Yawezekana msomaji akauliza: ikiwa majina yote mawili yanafika kwenye printa moja, madhara yako wapi? Madhara yako njiani.

Printa zinazotumiwa na wengi mara nyingi husimamiwa na seva ya uchapishaji, nayo pengine imewekwa katika jengo moja na seva ya programu. Karani akichagua jina la moja kwa moja, waraka hutoka seva hadi seva ndani ya jengo hilo, kisha husafiri mara moja kwenda Tabora. Akichagua jina lililoelekezwa, waraka husafiri kwanza hadi kompyuta yake iliyoko Tabora, hurudishwa kwenye seva ya uchapishaji, kisha hutumwa tena Tabora. Ni mithili ya mpagazi aliyetoka Bagamoyo na mzigo, akafika Kwihara, akaambiwa aurudishe Bagamoyo ukaandikwe daftarini kabla ya kupokewa. Mtandao ukiwa mzito, karani husubiri, huona kimya, hudhani amri imepotea, naye huchagua jina jingine.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa hati ya shangazi. Jina la kwanza lilikuwa na njia ndefu, na karatasi yake ndiyo iliyotoka mwisho. Jina la pili lilikuwa la printa ya chumba cha mwisho, iliyofanana na ya karani kwa kila hali, kwa kuwa zilinunuliwa pamoja na zote mbili ziliitwa kwa jina la kiwanda. Jina la tatu lilikuwa njia fupi ya printa ya karani. La nne lilikuwa njia nyingine ya kufika chumba cha mwisho. Majina manne, mashine mbili.

Namna ya kutafuta chanzo

Siku iliyofuata nilirudi, na kwa ruhusa ya mtaalamu wa ofisi hiyo tukalishughulikia jambo lenyewe kama linavyoshughulikiwa jaribio la maabara: kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kutazama kinachotokea.

Kwanza, tulisoma majina yote hadi mwisho. Dirisha la kuchapisha huwa jembamba, nalo hukata mkia wa jina, ambao ndio wenye habari tunayoitafuta.

Pili, tulitoka katika kikao tukatazama orodha ya kompyuta ya mezani. Kama pacha wangekuwapo huko, seva isingekuwa na kosa. Hawakuwapo.

Tatu, katika mipangilio ya programu ya kuunganishia tuliondoa alama kwenye kisanduku cha printa, tukafungua kikao upya. Majina mawili yakatoweka, mawili yakabaki. Yaliyotoweka yalitoka mezani. Yaliyobaki yaliletwa na seva. Jaribio hilo halichukui hata dakika tano, nalo hukata mzizi wa ubishi.

Nne, ilibidi kuamua njia ipi ibaki. Kanuni ni nyepesi. Ikiwa printa imeungwa kwa waya kwenye kompyuta ya mtumiaji na seva haina njia nyingine ya kuifikia, ibaki iliyoelekezwa. Ikiwa seva inaifikia yenyewe, ibaki ya moja kwa moja, na uelekezaji uzuiwe. Msimamizi anaweza kuuzuia kwa wote kwa amri moja ya sera katika seva, au akaruhusu printa ya kawaida ya mtumiaji peke yake ielekezwe. Katika ofisi ile tulibakisha njia ya seva.

Tano, printa mbili zilizobaki zilipewa majina mapya kufuata vyumba vyake, na ile ya karani ikawekwa kuwa ya kawaida katika kikao chake.

Wako wanaoona njia ya mkato kuwa ni kulifuta jina la ziada ndani ya kikao. Huko ni kukata majani na kuacha mzizi: majina yaliyoelekezwa huundwa upya kila kikao kinapofunguliwa, na kesho yake pacha atarudi. Aidha, watumiaji wafundishwe kutoka katika kikao kwa amri ya kutoka, wasiridhike na kufunga dirisha.

Jina ni la njia

Fundisho kubwa la kisa hiki ni kwamba jina tunaloliona katika orodha ya printa ni jina la njia, wala si la mashine. Mashine moja huweza kuwa na njia nyingi, na mashine mbili huweza kuitwa jina moja. Mtumiaji asiyejua hayo hubahatisha, na kila anapobahatisha karatasi hutoka mahali fulani.

Karatasi hiyo ina mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika habari za watu azilinde zisifikie wasiohusika. Ofisi huweza kuweka nywila ndefu na milango ya chuma, kisha siri ikatoka nje kwa sababu printa mbili zimeitwa kwa jina la kiwanda kilichozitengeneza.

Shangazi alizikunja nakala zote tatu, akazifunga katika ncha ya kanga, tukashika njia ya Kwihara. Tulipofika nyumbani alizihesabu tena.