Fahamu: Unene wa mtoto unavyobana pumzi yake

Ukizungumzia unene wa watoto Makambako, mkoani Njombe, utajibiwa kwamba tatizo la huko ni udumavu. Ni kweli: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa. Lakini jibu hilo haliondoi hofu, linaizidisha. Ukubwa wa mapafu hufuata kimo. Mtoto aliyedumaa, kisha akanenepeshwa kwa chipsi na soda, ana mwili mzito unaotegemea mapafu madogo. Mafuta ya tumboni husukuma juu msuli unaotenganisha tumbo na kifua, ya kifuani huzuia mbavu kutanuka, na njia nyembamba za hewa hujifunga mapema. Hiyo ni sehemu ya sababu pumu huwaandama zaidi watoto wanene, na moshi wa kuni jikoni, wanakokimbilia baridi ikizidi, huwaongezea shida. Wengine husema watoto hao ni wavivu tu. Hapana: mtoto anayebanwa kifua huepuka mchezo, na uzito huongezeka tena. Mzazi, mwanao akihema kwa kupanda kilima kidogo, usiseme amejaa afya. Mpeleke akapimwe uzito, kimo na pumzi.