Kazi ya Siku Moja Inakula Chakula Kiasi Gani?



Tulipokuwa na semina pale Nawoitorong, mama mmoja aliuliza swali ambalo halijanitoka kichwani. Kikundi chao kilikuwa kinachimba silanga na kulipwa posho. Akasema, "Hiyo posho tunakula, lakini nguo zinazidi kutupwaya. Chakula kinaenda wapi?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana alikuwa amempakata mtoto wa miezi minne, ananyonya.

Chakula kinaenda kwa kazi. Na hiyo kazi inaweza kupimwa, hata bila mashine. Kama vile tunapima nafaka kwa kilo na maji kwa lita, nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,600. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama 120. Mwili nao hutumia kalori hizo hizo, hata ukiwa umelala, kwa sababu moyo haulali.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila kazi ina namba yake, ambayo wataalamu wameipata kwa kupima pumzi za watu wakiwa kazini. Kulala ni 1. Kuketi ukisuka kikapu ni 1 na nusu. Kupika, kufagia na kuhangaika na watoto, tuseme 2 na nusu. Kutembea mikono mitupu ni 3, kutembea na mtungi kichwani kama 4. Kuchimba kwa sururu au kukata mathenge kwa shoka ni 5 mpaka 6. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa namba ya kazi, kisha zidisha kwa masaa uliyoifanya. Basi.

Tuchukue mama wa kilo 50. Amelala masaa 8: kalori 400. Ameketi, amekula, amesuka na kuongea masaa 8: 600. Kazi za nyumbani masaa 4: 500. Ametembea kwenda mtoni na kutafuta kuni masaa 2: 300. Amerudi na mzigo saa 1: 200. Amekata kuni saa 1: 300. Jumla ya siku ni kalori 2,300.

Sasa tazama sufuria. Kama amekula nusu kilo ya unga na vijiko viwili vya mafuta, amepata kama 2,040. Amepungukiwa na 260. Tena huyu hajachimba silanga! Weka masaa 4 ya sururu mahali pa masaa 4 ya kuketi, na siku yake inapanda kwa kalori kama 700. Akiwa ananyonyesha mtoto mchanga, ongeza tena kama 500 kwa siku. Ndio jibu la yule mama. Kiwango cha 2,100 ambacho mashirika hutumia kupanga mgao wa dharura, kama kule Kakuma, ni wastani wa watu wote pamoja, watoto na wazee ndani. Hakikupangwa kwa mtu wa sururu, na sote tunajua mgao wa Kakuma umekatwa mara ngapi miaka hii.

Msishike namba hizi kama Amri Kumi. Ni makisio. Mwaka 1986 watafiti waliopima wanawake Waluo na Wakikuyu hapa Kenya walishangaa: mwanamke aliyezoea kubeba hubeba mzigo wa sehemu moja kwa tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya yule anayetembea mikono mitupu. Mzigo ukizidi hapo ndipo mwili unaanza kulipa. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, yaani sehemu mbili kwa tano za mama wetu wa kilo 50. Hapo analipa. Tena mwaka 2012 Wahadza wa Tanzania, watu wa kuwinda na kutembea mchana kutwa, walipimwa wakaonekana hawatumii kalori nyingi zaidi ya watu wa mijini Ulaya na Marekani wa umbo kama lao. Inaonekana mwili wenye kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Kwa mgonjwa, mjamzito na mtoto, kubana huko mimi kunanitia wasiwasi.

Na ninyi wa Lodwar mjini ambao daktari amewaambia mfanye mazoezi nyumbani kwa ajili ya sukari au presha, hesabu ni hiyo hiyo. Mtu wa kilo 80 akiruka kidogo na kuchuchumaa nusu saa, kwa namba 4, anatumia 160. Lakini ondoa zile 50 ambazo angetumia hata akiketi. Zimebaki 110. Mandazi moja na chai ya sukari vimezirudisha zote na kuzidi. Fanya zoezi, linasaidia moyo na sukari, ila usijilipe kwa mandazi.

Kuandika ndiko kunakoshinda wengi. Andika jioni ile ile, kwa maana kesho yake kila mtu alifanya kazi kama punda. Usiandike "nilichimba kutwa". Andika masaa ambayo sururu ilikuwa mkononi, na kivuli ulichopumzikia kiandike kama kuketi. Kama hakuna saa, tumieni taarifa za habari za redio au jua. Asiyejua kusoma aweke kokoto kwenye kopo: moja kwa kila safari ya maji, nyingine ya rangi tofauti kwa kila mzigo wa kuni, na kijana wa shule ahesabu Jumapili. Wazee wenye ekicholong zao chini ya mti nao waandikwe. Kikundi kimoja kilifanya hivyo, na kilichofuata kilikuwa mazungumzo marefu kidogo.

Halafu kila mwezi pitieni zahanati mpimwe uzito. Daftari likisema chakula kinatosha na mizani ikishuka miezi miwili mfululizo, aminini mizani. Kile kikundi cha silanga kiliwatoa wanaonyonyesha kwenye sururu, wakapewa kupika uji na kuandika daftari, kwa posho ile ile. Palikuwa na manung'uniko wiki ya kwanza. Pia walikubaliana punda wawili wa jirani walete maji mara mbili kwa wiki. Vikundi vitakavyojaribu, leteni daftari kwenye mkutano ujao tulihesabu pamoja.