Saa Moja Angani: Je, Msafiri Apunguze Sala?

Vijana wetu wa hapa Mafinga wameleta hoja isiyofaa kupuuzwa. Wasema ya kuwa ruhusa ya msafiri kupunguza sala ilikuwa ya zama za ngamia, mtu alipotaabika siku mbili njiani. Ama leo mtu huruka toka Dar es Salaam hata Songwe kwa saa moja na ushei, ameketi kitini akinywa maji baridi. Basi ana taabu gani hata apunguziwe? Wengine wamekwisha kuacha kukusuru kabisa, na huwaona wazee wao kuwa ni wavivu wa ibada. Hapo ndipo tulipoona hapana budi kusema.

Kiwanja cha Songwe kilifunguliwa mwaka 2012, na watu wa nyanda hizi tumepata wepesi mkubwa. Kwa gari, Dar es Salaam hata Mbeya ni zaidi ya kilomita 800: Morogoro, mbuga ya Mikumi, kona za Kitonga, Iringa, ndipo Mafinga yetu, na bado kama kilomita 250 mbele. Basi hushika siku nzima. Ndege haina habari na Kitonga. Yake ni kama kilomita 700 tu.

Lakini sheria haikuuliza saa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, mpaka ni marhala mbili, nazo ni maili 48 za kale. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj ya kuwa bahari ni kama bara, na kwamba mwenye kuyakata masafa hayo chomboni kwa saa moja naye hukusuru. Tazameni! Ndege haijabuniwa, na jibu lake limekwisha andikwa. Taabu ni hekima ya ruhusa. Masafa ndiyo sababu yake.

Kwetu sisi lenye uzito si ndege, ni safari ya Iringa. Maili zile wanavyuoni wamezigeuza kilomita kwa hesabu mbalimbali: wako wasemao 80 na kitu, wako wafikao karibu 89. Na Mafinga hata Iringa ni kama kilomita 80! Twakaa mpakani hasa, na kwenda na kurudi hakujumlishwi. Basi huwaambia wanafunzi wetu: asiye na yakini ya masafa asali rakaa nne. Aendaye Mbeya hana shaka. Akiisha kupita majumba ya mji, na akusuru Adhuhuri, Alasiri na Isha. Akinuia kukaa huko siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hukoma afikapo.

Na katika Ramadhani liko jambo jingine. Kila digrii moja ya kwenda magharibi, jua huchelewa dakika 4. Mafinga iko karibu digrii 4 magharibi ya Dar es Salaam, na Mbeya karibu 6. Afuturuye hapa kwa adhana ya Dar es Salaam aliyoisikia redioni amekula kama robo saa kabla ya jua kuchwa, ikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Na aliye ndegeni kuelekea Songwe hulifuata jua. Ijapokuwa saa yake yaonyesha ya kuwa aliowaacha wamekwisha futuru, maadamu aliona jua dirishani, na asubiri.