Mbunifu Majengo Kati ya Darasa na Eneo la Ujenzi: Somo la Hanang na Mbulu

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na Serikali ikawajengea waathirika makazi mapya eneo la Waret. Maafa hayo yameacha swali zito kwa taaluma ya majenzi: nani awafundishe vijana kubuni nyumba za kwenye miteremko?

Anayefaa zaidi ni mbunifu majengo anayefundisha huku akiendelea kubuni. Aliyewahi kusimama kando ya mtaro uliozibwa na tope hueleza mkondo wa maji tofauti na aliyeusoma vitabuni pekee. Hapa nchini, shahada peke yake haitoshi. Chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, mhitimu hufanya kazi kwanza chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha hutahiniwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mhadhiri wa Chuo Kikuu Ardhi naye, akitaka kutoa huduma hiyo kwa umma, hana njia ya mkato.

Mfano mashuhuri barani ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Alibuni shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, angali mwanafunzi mjini Berlin. Shule hiyo, iliyokamilika mwaka 2001, ilijengwa kwa matofali ya udongo ulioongezwa saruji, na paa la bati likainuliwa juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2017 akawa profesa mjini München, lakini ofisi yake haikufungwa: ilibuni kituo cha mafunzo ya teknolojia ya habari kando ya Ziwa Turkana, Kenya. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker.

Udongo si mgeni Mbulu. Wairaqw walichimbia tembe zao ubavuni mwa vilima, paa la udongo likikaribia usawa wa ardhi, wavamizi wasizione kwa urahisi. Hakuna anayemtaka mwananchi aache bati lake. Ila namna wazee walivyousoma mteremko kabla ya kuchimba inastahili nafasi darasani.

Kwa mwananchi wa Katesh, Haydom au Dongobesh anayejenga katika eneo lililopangwa, kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri yake. Anaweza pia kuiuliza Bodi iwapo aliyemchorea ramani amesajiliwa.