Kima Angurumaye wa Brazili

Leo twapenda kuwaeleza habari za kima wa hudhurungi aishiye katika misitu ya mashariki ya Brazili. Chakula chake ni majani, tena matunda, hasa ya miti iliyo jamaa ya mkuyu wetu. Majani hayatii nguvu nyingi. Basi zaidi ya nusu ya mchana hujilaza matawini, wala si uvivu. Hata mipaka huilinda kwa kunguruma, kwani mfupa wa koo lake ni mkubwa wenye uwazi ndani.

Mwaka 2017 homa ya manjano iliwaua wengi, na watu kwa hofu wakawaua wengine. Kumbe aenezaye ni mbu! Kima wakifa msituni, madaktari hutambua kuwa homa i karibu, wakawahi kuchanja watu.