Kiziwi Mbele ya Amri ya Askari

Katika nchi jirani ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeipa Serikali wajibu wa kukuza Lugha ya Ishara na maandishi ya breli. Ibara ya 120 imeiweka lugha hiyo miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Uganda nayo, katika Katiba yake ya mwaka 1995, iliutaja ukuzaji wa lugha ya ishara miongoni mwa malengo ya taifa.

Jambo hili si hisani. Tangazo la redio halimfikii kiziwi, wala bango la ukutani halimfai kipofu. Kwa askari uzito wake ni mkubwa zaidi. Mtu aliyeamriwa kusimama usiku akaendelea na safari yake, huenda hakuikaidi amri bali hakuisikia.

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kwa kiziwi asiyejua kusoma, sharti apatikane mkalimani. Kituo cha polisi kisichojua pa kumpata hakiwezi kuitimiza sheria hiyo, hata askari wake wawe na nia njema kiasi gani.