Postikadi za Prague na Presha ya Mama Mwenye Duka



Mtauliza, postikadi na maendeleo vinahusiana wapi, na siku hizi hata nyanya kijijini ana simu? Ngojeni kidogo.

Postikadi ilianza Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Ilikuwa kadi tupu bila picha, na kuituma ilikuwa kreuzer 2 wakati barua ilikuwa 5. Kwa hiyo hata mtu wa mfuko mwepesi aliiweza. Picha zilipokuja baadaye, vyama viligundua jambo: ujumbe wao unafika mpaka mlangoni, na anayetuma ndiye analipia stempu!

Chama kimoja kilichofaidika hivyo ni Sokol, yaani kozi, ndege wa jamii ya mwewe. Kilianzishwa Prague mwaka 1862 na msomi Miroslav Tyrš na mfanyabiashara Jindřich Fügner. Kazi yake ilikuwa mazoezi ya viungo kwa watu wa kawaida. Fügner alitaka wanachama waitane "ndugu", tajiri na fundi sawasawa. Majumba ya mazoezi walijenga kwa michango yao. Hiyo si harambee?

Kuanzia 1882 walifanya tamasha kubwa liitwalo slet. Kadi za tamasha zilionyesha kozi akiruka, vijana wenye mashati mekundu na kofia yenye unyoya, au uwanja uliojaa watu wakinyoosha mikono pamoja. Ukipokea kadi kama hiyo kutoka kwa shangazi, wewe uliyeketi nyumbani unaona haya kidogo.

Tuseme ukweli, haikuwa afya tu. Wacheki walikuwa chini ya Austria, na kusimama wima pamoja kulikuwa pia kusema "sisi tupo". Ndiyo sababu Wanazi walikipiga marufuku mwaka 1941, na Wakomunisti nao wakakizima baadaye. Kilifufuka 1990, na slet ya 2024 ilifanyika Prague.

Sasa turudi kwetu. Wengi husema mazoezi ni ya watu wa mjini. Wana haki kiasi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kuusukuma mwili, na kulima kunahesabiwa. Mwenye jembe anazimaliza kabla ya Jumatano. Lakini mwenye duka je? Wa bodaboda? Mwalimu aliyestaafu?

Katika kikundi kimoja ninachotembelea, mama mwenye duka aliambiwa kliniki presha yake imepanda. Dawa anameza, hajaacha, na asiache. Wenzake wakakubaliana kwamba kila wakimaliza mkutano watatembea naye haraka mpaka barabara kubwa na kurudi, na siku nyingine jirani anampitia dukani jioni. Wanaume wa kikundi walicheka juma la kwanza na la pili. La tatu, mweka hazina alikuja amevaa raba.